Mwaka wa Geji za Ami Seif

Msibani kwa Ami Seif, hapa mjini Ibra, wanaume waliokaa majlisi, ukumbi wa wageni, walikuwa wakiyasifu masikio yake. Mlango baina yao na sisi wanawake uliachwa wazi nusu ili sinia za kahawa zipite, na maneno yao yalitufikia pamoja na harufu ya iliki. Mmoja alisema Seif alikuwa akisikia gari ya mtu inapita njiani humsimamisha mwenyewe na kumwambia, "Nozeli yako ya tatu imekufa," na ikifunguliwa hukutwa kweli imekufa. Mwengine akasema alizijua gari za mtaa mzima kwa sauti kabla hazijakata kona. Salma, aliyekaa ubavuni kwangu na kikombe mkononi, akanifinya paja. Tulitazamana, ikatubidi tuinamishe nyuso ndani ya shela zetu, maana kicheko kilikuwa karibu na kilio kilikuwa karibu vilevile. Watu wakadhani tunalia. Na mimi kweli nililia, kwa sababu nilimpenda sana mzee yule.

Wale wanaume hawakusema uongo. Masikio hayo yalikuwepo wakati wa nguvu zake. Lakini mwaka ninaoujua mimi, mwaka nilioanza kusomesha, Ami Seif hakuwa akisikia hata adhana ya msikiti ulio mkabala na nyumba yake, na kwa wiki kadhaa waliojua hilo walikuwa watatu tu: yeye, Salma na mimi. Leo nimestaafu ualimu mkuu, na watoto wangu wananilaumu kwamba nazungumza kama niko mnadani. Nikiwapigia simu huniambia, "Mama, si lazima Maskati yote isikie." Sijawahi kuwaeleza sauti hii niliitoa wapi. Niliitoa mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, ndani ya gari kuukuu ya dizeli, katika njia ya kupandia milimani, Dima wa Tayyin.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na ndoa ya miezi minne. Mume wangu, Nasser, alifanya kazi Maskati na kurudi Jumatano jioni, na mimi niliishi Ibra kwa mama yake, Bi Ghaniya. Jiko la Bi Ghaniya lilikuwa na madirisha mawili, moja la uani na moja la njiani, na yeye aliweka kigoda chake katikati ili asipitwe na kitu. Hapo ndipo tulipokunywa chai ya maziwa kabla ya jua kutoka, kwa maandazi ya iliki aliyoyafunika kitambaa, au kwa mkate wa rakhal mwembamba tulioukunja na asali. Barua ya kazi ilipokuja, ikisema nimepangiwa shule ya wasichana katika kijiji cha milimani, mwendo wa saa nzima na zaidi, nusu yake njia ya changarawe, Bi Ghaniya aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya bakuli la sukari. "Ukenda na Seif, utakwenda," akasema. "Bila ya Seif, utakaa hapa unisaidie kukuna nazi." Ami Seif alikuwa shemeji yake, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuchukua walimu wa kike. Mimi nilikuwa nimeitaka kazi ya ualimu tangu nikiwa nawapanga wadogo zangu ukutani na kuwasomesha kwa kijiti, na kama Bi Ghaniya angeniambia niende kwa punda, ningeuliza punda yuko wapi.

Gari yenyewe ilikuwa jipu la dizeli, rangi yake ya maziwa imekuwa ya vumbi, viti vyake vimeshonwa na kushonwa tena kwa mkono wa Ami mwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa aliiweka uani kwake, akaanza kuifungia geji. Gari ilikuwa na geji zake za kiwandani, lakini yeye alitaka nyengine tatu: moja ya joto la maji, moja ya presha ya oili, moja ya joto la moshi unaotoka kwenye injini. Alikwenda Sanaiya, kule kwenye magereji, mara nne au tano, akarudi na nyaya, na vibomba vya shaba, na vidude vidogo vya kupimia alivyovifunga kwenye leso. Akachonga ubao, akautoboa matundu matatu ya duara, akaupaka varnishi, akaufunga juu ya dashibodi katikati. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nasser akamwambia, "Ami, hii pesa si bora ungenunua gari mpya?" Salma, ambaye alikuwa mwalimu mwenzangu na ambaye wazee wake walirudi kutoka Tabora, akazunguka gari mara moja na kusema, "Pailoti Seif! Sasa bado mabawa tu, ami, halafu tupige fulu spidi." Ami Seif akacheka na sisi. Sasa najua alicheka kwa kuona meno yetu.

Mimi alinieleza kwa marefu, kwa sababu nilimuuliza, na kwa sababu alipenda kusema kuliko kuulizwa. "Geji hii iliyokuja na gari haina maana," akaniambia, akiigonga kwa ukucha. "Maji yawe vuguvugu, yawe yanatokota, yenyewe imekaa kati tu, kama bwana harusi. Ikija kupanda, mambo yashaharibika. Na dizeli, mwanangu, si kama petroli. Petroli ikichoka itakohoa, itakwambia. Dizeli inajikaanga ndani kwa ndani na huku inakwenda." Halafu akamuomba Salma rangi ya kucha. Salma alikuwa nayo kwenye mkoba, nyekundu kali, na Ami akachora kwa brashi ile ndogo mstari mmoja juu ya kioo cha kila geji, pale ambapo mshale usipite. Alichora taratibu, ulimi nje, na alipomaliza akairudisha chupa akisema, "Mungu akupe mume asiyechungulia mikoba." Nilidhani mzee amepata mchezo wake wa uzeeni. Wengine hufuga kasuku.

Tukaanza kwenda. Salma alikaa dirishani nyuma, mimi nikakaa kati, kwa hiyo ubao wa geji ulikuwa mbele ya macho yangu safari nzima. Kiti cha mbele kilikuwa cha mwanamume yeyote atakayeomba lifti njiani, au cha mkoba wetu wa chakula. Ami alizungumza kuanzia mlangoni kwetu mpaka geti la shule: habari za barabara za Unguja, namna ya kuteremka mlima kwa gia, ujinga wa vijana wa siku hizi wanaofunga muziki kabla ya kukagua breki. Sisi tuliitikia "naam, ami" na "kweli, ami." Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Msichana haongei na mkubwa wake kwa sauti ya juu, hamkatizi, na akimwambia jambo halirudii, maana kulirudia ni kumfanya mjinga. Kwa mama yangu sauti yangu ilisifiwa kwamba haitoki nje ya mkeka. Bi Ghaniya mwenyewe aliniposea mwanawe kwa sifa hiyo. Na katika injini ile yenye ngurumo, nani angeshangaa kama mzee hakujibu kitu alichoambiwa na sauti kama yangu?

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya majira ya baridi, asubuhi, jua linatupiga usoni kila tukikata kona. Tulimchukua mzee mmoja wa kijijini, mwenye mbuzi wawili aliowafunga juu ya keria, naye akakaa mbele na kuanza kuzungumza. Ami alikuwa akiitazama njia, kisha anaugeuza uso kumtazama mzee yule mdomoni, kisha njia, kisha mdomo. Tulipoanza kupanda, kitu kikaanza kulia chini ya boneti, mlio mwembamba wa mpira unaoteleza. Salma akakunja uso. Nikamwambia, "Ami anausikia." Mlio ukaendelea, kisha ukakatika ghafla, tukashukuru. Hapo mshale wa joto la maji ukaanza kupanda. Niliutazama ukipita sabini, themanini, tisini. Ulipougusa mstari mwekundu wa Salma nikainama mbele kidogo nikasema, "Ami, mshale umepanda." Hakujibu. Nikasema nafsini mwangu, ameshajua, ataniona namfundisha kazi. Salma akaninong'oneza, "Mwambie tena." Nikatikisa kichwa. Mshale ukapita mstari, ukasimama, kisha nikauona unashuka. Ulishuka haraka, ukarudi mia, tisini, sabini, mpaka chini kabisa. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti yangu ya mkeka, nikaegemea kiti. Haukupita muda, moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele, ikanuka harufu ya chuma kilichoungua, na gari ikasimama katikati ya mlima.

Ni fundi wa Sanaiya, Mhindi mmoja mpole, aliyetueleza baadaye kilichotokea. Mkanda wa feni ulikuwa unateleza, ndio uliokuwa ukilia, na ulinyamaza kwa sababu ulikatika. Maji yakachemka yakamwagika yote. Na mshale ulishuka kwa sababu kile kidude cha kupimia hakikuwa tena na maji ya kupima, kilikuwa kinapima hewa. Kwa hiyo nilishukuru mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nashukuru msiba. Lakini pale mlimani sikujua hayo. Wanaume walishuka, mzee wa mbuzi akaenda kutafuta watu, na Ami Seif akasimama mbele ya boneti wazi amenipa mgongo. Nikamwendea kuomba radhi. "Ami, nisamehe, nilisema polepole." Hakugeuka. "Ami." Hakugeuka. Injini ilikuwa imezimwa, hakukuwa na upepo, nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nikamwita mara ya tatu kwa sauti ambayo sijapata kumwitia mtu mzima, na hapo pia hakugeuka, mpaka kivuli changu kilipofika miguuni mwake. Akanitazama, akamtazama Salma aliyekuwa ameshika mdomo.

"Mmejua," akasema.

Alikaa juu ya jiwe, akapangusa mikono kwa leso kwa muda mrefu. Alituambia ni zaidi ya mwaka. Sikio la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata. Zamani alikuwa akiijua injini kwa kuisikiliza, na ilipoanza kumnyamazia akaona ni afadhali aitazame, ndipo akafunga geji. "Sikio likifa, jicho lipewe kazi," akasema. "Leo nililipa jicho kazi nyingi mno." Kisha akatuomba. Hakutuomba kama mkubwa anavyomwagiza mdogo, alituomba kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wakijua nyumbani watanipokonya funguo. Na wakiambiwa Seif hasikii, na nyinyi hamtakwenda. Tafadhalini, wanangu." Nilikubali kwa kichwa. Niliona uchungu, na niliona hofu yangu mwenyewe pia, sitaki kujisifu: kama funguo zikienda, na mimi nakwenda kukuna nazi.

Bi Ghaniya alinihoji jioni ile ile, kwenye kigoda chake, anachagua mchele. Habari zilikwishamfikia kabla yangu.

"Wewe ndo unokaa kati," akasema. "Saa zile za ubaoni za Seif ziko mbele ya pua yako. Hukuona?"

"Niliona, mama."

"Ukamwambia?"

Nikawaza. Nikisema nilimwambia, atauliza Seif alijibu nini. Na Bi Ghaniya hakuwa mtu wa kuacha uzi njiani. "Sikumwambia," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Umeona gari inaungua, umenyamaza?"

"Niliona haya."

"Haya!" akasema. "Leo injini, kesho roho za watu. Mtu hivi hatoki nyumbani kwangu kwenda milimani. Khalas. Shule basi." Nilimpigia Nasser, akaniambia nimsikilize mama kwanza, atakuja tutazungumza. Alikuja, tukazungumza, na tulipomaliza nilikuwa bado nimekatazwa. Nilimkasirikia wiki nzima. Ukweli nilikuwa namkasirikia mtu ambaye nimemnyima ukweli.

Gari ilikaa gereji wiki tatu. Salma alikwenda shule na gari nyengine, akirudi anapita kunipa salamu za wasichana wangu. Wa darasa la tatu walikuwa wananiulizia. Mmoja aliniletea komamanga aliloliandika jina langu kwa kalamu. Nililiweka juu ya kabati, sikuweza kulila. Nilikuna nazi. Nilipika boko boko la ngano na nyama, nikikoroga mpaka mabega yakaniuma, na Bi Ghaniya akaonja, akasema chumvi ndogo. Kupitia mlango wa jiko nilimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu: "Msichana mzuri, wallahi, lakini bubu. Nilitaka mtulivu, Mungu kanipa bubu." Sina hakika kama kuna neno lililoniuma zaidi ya hilo katika maisha yangu. Niliijua kweli, ilikuwa kinywani, na kila siku niliimeza pamoja na chai. Salma alikuwa akiniambia, "Sema, bwana. Ami atapona, wewe huponi." Nikamjibu kwamba mzee alituomba kwa machozi. Akaniambia, "Basi mwambie yeye mwenyewe hali yako. Hajui! Anafikiri unaumwa."

Jumamosi asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya shule, tukiwa kwenye chai, honi ikalia. Gari ilikuwa imepona. Bi Ghaniya alichungulia dirisha la njiani, akaniambia bila ya kunitazama, "Toka umwambie huendi. Usimweke mzee." Nikatoka na kanga yangu ya nyumbani. Ami alikuwa ameshusha kioo, uso unang'ara, injini inanguruma kwa afya. Salma alikuwa nyuma. Nikamwamkia, kisha nikasema, "Ami, mimi siendi."

"Marahaba, mwanangu! Yallah, kavae, tutachelewa."

"Siendi, ami. Nimekatazwa."

"Marahaba, marahaba."

Salma alitaka kusema, nikamwashiria asiseme. Nilijua mlango wa nyumba uko wazi nyuma yangu na Bi Ghaniya amesimama hapo. Nikipiga kelele, atajua. Nisipopiga, huyu mzee ataondoka akitabasamu, na mimi nitarudi jikoni nikawe bubu mpaka nizeeke. Sikupima tena. Nilishika mlango wa gari kwa mikono miwili nikapiga ukelele uliotoka mahali nisipopajua: "NIMEKATAZWA, AMI! NIMEMWAMBIA MAMA NILIONA NIKANYAMAZA! SIENDI TENA!" Jirani alifungua dirisha. Njiwa waliruka kutoka ukutani. Ami Seif alinitazama mdomo, kisha macho, na uso wake ukazimika pole pole. Akaizima injini.

Aliteremka, akavua viatu mlangoni, akaingia mpaka jikoni, nami nikamfuata. Bi Ghaniya alikuwa amesharudi kwenye kigoda chake. Akasimama mbele ya shemeji yake. "Bi Ghaniya," akasema, "mtoto huyu hakunyamaza. Alisema. Salma shahidi. Mie ndo sikusikia. Nna mwaka na zaidi sisikii, na kakubali kuitwa mjinga ili mie nisivunjiwe heshima. Hilo sikulijua mpaka sasa hivi." Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya sinia, kando ya maandazi.

Bi Ghaniya alizitazama zile funguo. Akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Kwa nini hukutwambia, Seif?" Na Ami Seif akabaki akimtazama kwa tabasamu dogo la adabu, lile tabasamu tulilolijua sote, ambalo mwaka mzima tulidhani ni la mtu aliyeridhika. Hapo ndipo Bi Ghaniya alipoelewa. Akainuka kwenye kigoda, jambo ambalo hakumfanyia mgeni yeyote, akamsogelea mpaka karibu na sikio la kushoto.

"SEIF!" akapiga kelele. "UMESHAKUNYWA CHAI?"

"Bado," akajibu Ami Seif.

"KAA UNYWE!"

Akakaa akanywa. Alikula maandazi matatu, machozi yanamteremka ndevuni na hakuna aliyeyataja. Bi Ghaniya alizichukua funguo kwenye sinia akazifuta sukari kwa upindo wa kanga, akamrudishia mkononi. Kisha akanigeukia mimi. "Unasimama nini? Kavae, mtachelewa. Na leo ukae mbele." Nikauliza, mbele? "Mbele! Watu watasema, waache waseme. Sauti yako uipandishe. Mkija kufa kwa adabu yako, mie ntawajibu nini wazee wako?"

Nilikaa mbele, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na Salma akapiga makofi huko nyuma. Tulipoanza kupanda mlima nikaanza kusoma. "SABINI NA TANO, AMI! PRESHA NZURI! MOSHI UNAPANDA, PUNGUZA!" Akapunguza. Nilisoma kila kona, kila mteremko, mpaka geti la shule, na kila nikisoma aliitikia kwa kichwa, macho yake yote njiani. Nilipoingia darasa la tatu wasichana walisimama kunisalimia, nikafungua mdomo, sauti haikutoka, nimeimaliza yote njiani. Somo la kwanza siku ile nililisomesha kwa kuandika ubaoni.